Face ID ya iPhone X: waliogopa barakoa, wakaponzwa na kioo

Tarehe 12 Septemba 2017, jukwaani Cupertino, Craig Federighi wa Apple aliinua iPhone X mbele ya uso wake ifunguke. Haikufunguka, ikamdai namba ya siri. Akaiweka chini, akachukua ya akiba, hiyo ikakubali, onyesho likaendelea. Lakini kichekesho kilikuwa kimeshazaliwa: simu ya dola 999 isiyomjua bosi wake. Baadaye Apple ikaeleza kwamba watu walioiandaa simu ile waliishikashika, ikajaribu kusoma nyuso zao, ikazikataa, na ilipozikataa mara kadhaa ikajifunga mpaka iandikiwe namba. Yaani kufuli lilifanya kazi yake sawasawa. Ila aliyeishika simu haoni hayo. Anaona imegoma tu, na malalamiko mengi yaliyofuata yanaanzia hapo hapo.

Simu hiyo ingali na maana kwa mnunuzi wa leo. Mfumo uliozaliwa nayo, Face ID, yaani kuifungua simu kwa uso wa mwenyewe, umerithiwa na karibu kila iPhone iliyofuata. Familia ya SE ilibaki na alama ya kidole, hadi Februari 2025 ilipopisha iPhone 16e, nayo inatumia uso. Halafu, wengi wa Afrika Mashariki hawakukutana na Face ID mwaka 2017. Wanakutana nayo sasa, kwenye X, XR au 11 ya mtumba iliyopitia Dubai ikaishia kwenye kabati la kioo Kariakoo au Luthuli Avenue. Kwa hiyo tunazipitia hofu za wanunuzi wa mwanzo moja moja, tuone ipi ilikuwa ya kweli, kisha tufike kwenye kasoro ambayo wakati ule haikuzungumzwa sana.

Kwanza bei, maana ndiyo iliyofanya kila dosari ionekane kubwa. Ya GB 64 iliuzwa dola 999, ya GB 256 dola 1,149, kuanzia 3 Novemba 2017. Kwa viwango vya fedha vya wakati ule hiyo ya bei ya chini ilikuwa zaidi ya shilingi milioni 2.2 za Tanzania, au karibu laki moja ya Kenya, kabla ya kodi na faida ya muuzaji. Mtu akilipa hivyo hataki kuambiwa ainamishe kichwa.

Kilichomo kwenye mkato mweusi

Juu ya kioo pana mkato mweusi ambao wengi waliuchukia kwa sura yake. Ndani yake mna taa ya infraredi inayomulika uso kwa mwanga usioonekana, projekta inayotupa nukta zaidi ya 30,000, na kamera ya infraredi inayosoma jinsi nukta hizo zilivyopinda kufuata pua, mashavu na mashimo ya macho. Hapo simu inapata umbo lenye kina, si picha bapa. Kamera ya kawaida ya megapikseli 7 ni ya selfi. Hesabu zinafanywa na prosesa ya A11 Bionic, na kipimo cha uso kinahifadhiwa katika sehemu yake iliyotengwa, Secure Enclave. Hakiendi iCloud wala hakiingii kwenye nakala ya akiba. Programu ya benki ikiuliza kama mwenye simu ndiye, inajibiwa ndiyo au hapana, basi.

Hilo lilijibu sehemu kubwa ya wasiwasi wa faragha, hata ule wa Al Franken, seneta wa Marekani wakati ule, aliyemwandikia mkuu wa Apple, Tim Cook, siku moja tu baada ya uzinduzi. Lakini si wote. Kamera ile ile inaweza kuipa programu nyingine ramani ya uso isiyo na undani wa Face ID, kwa ajili ya vikaragosi na vichujio vya picha, mradi umeiruhusu kutumia kamera. Sheria za Apple zinawakataza watengenezaji kuitumia ramani hiyo kwa matangazo. Sheria ni karatasi, lakini; ruhusa ya kamera iko mkononi mwako. Ingia Settings, kisha Privacy & Security, kisha Camera, uizime kwa kila programu isiyoihitaji.

"Kidole kilikuwa rahisi"

Hili ndilo lililosemwa zaidi, na lina haki. Tangu 2013 watumiaji wa iPhone walizoea kuifungua simu ikiwa bado inatoka mfukoni: kidole kinatangulia, kioo kikifika machoni tayari kiko wazi. Kwa uso mambo yamegeuka, lazima kioo kifike kwanza. Simu iliyolala mezani inakutaka uiinue au uinamie kama unayenusa mboga.

Dawa iko katika kuelewa vipimo vyake. Umbali unaofaa ni kati ya sentimita 25 na 50, takriban urefu wa mkono uliokunjwa kidogo. Ukiisogeza karibu zaidi, kama wafanyavyo watu waliojilaza, haioni uso mzima. Dereva wa Bolt au Uber aliyeibandika simu kwenye kioo cha mbele cha gari mara nyingi amevuka hizo sentimita 50, tena kwa upande; aihamishie kwenye tundu la kiyoyozi, ielekee usoni, na nusu ya ugomvi itakwisha. Pia iPhone X inasoma uso ikiwa imesimama wima tu. Ukilala ubavu huku simu imelala nawe, haikutambui. iPad Pro ya 2018 iliweza kusoma kwa pande zote, lakini kwa simu hilo lilikuja na iOS 16, tena kuanzia iPhone 13. Mwenye X asubiri bure.

Jambo jingine linalopunguza kero: usiisubiri picha ya kufuli ifunguke ndiyo utelezeshe kidole juu. Inua na uteleze kwa mkupuo mmoja. Simu inamaliza kukusoma wakati kidole kiko njiani. Wengi waliosema Face ID inachelewa walikuwa wakiingoja ile kufuli. Washa na Raise to Wake ili kioo kiwake kwa kuinuliwa tu. Masasisho nayo yalisaidia: kwa iOS 13 ya mwaka 2019 Apple ilitangaza kuwa ufunguaji umeongezewa kasi hadi asilimia 30.

Jua la saa saba ni mtihani wa peke yake. Jua nalo lina infraredi nyingi, na likiipiga kamera usoni linazifunika zile nukta. Geuka, jua likae mgongoni au ubavuni. Miwani ya jua mingi inapitisha infraredi kwa hiyo haina shida, ila kuna lenzi zinazoizuia, na kwa macho huwezi kuzijua. Jaribu yako mara tatu. Ikigoma zote, kosa ni la lenzi, si la simu.

Nani mwingine anaweza kuifungua?

Apple ilitoa takwimu iliyonukuliwa kila mahali: uwezekano wa mtu wa kubahatisha kuifungua simu yako kwa uso wake ni mmoja kati ya 1,000,000, wakati kwa alama ya kidole ulikuwa mmoja kati ya 50,000. Neno la kushika ni "kubahatisha". Kampuni yenyewe ilisema mapema kwamba hesabu hiyo haiwahusu mapacha, ndugu wanaofanana sana, na watoto chini ya miaka 13 ambao sura zao bado hazijakomaa.

Magazeti yaliwakimbilia mapacha. Wako waliokataliwa, wako waliopita, na hapakuwa na cha kushangaza. Kilichoshtua ni video ya Novemba 2017 kutoka New York, mtoto wa miaka 10 akifungua simu ya mama yake kwa kuitazama tu. Mama aliposajili uso wake upya, mtoto akakataliwa. Aliposajili tena usiku kwa taa za ndani, mtoto akapita. Somo lake ni la vitendo: usajili wa kwanza ufanyike mahali penye mwanga wa kutosha, si kitandani usiku ile siku umeleta simu nyumbani na huna subira.

Kuna mlango wa pili ambao watu wachache wanaujua. Uso ukikaribia kulingana lakini ukakataliwa, kisha hapo hapo namba ya siri sahihi ikaandikwa, simu inachukua kipimo kipya cha uso huo na kukitumia kwa muda. Nia ni njema: ndiyo njia ya kukufuata unapofuga ndevu, unaponenepa, unapobadili miwani. Ila simu haijui mkono ulioandika namba ni wa nani. Mdogo wako anayefanana nawe, anayeijua namba, akiifungua kila siku kwa kukataliwa kisha kuandika, anaifundisha simu sura yake pole pole. Dawa: badilisha namba kwanza, kisha Settings, Face ID & Passcode, bonyeza Reset Face ID, usajili upya. Ukisajili upya bila kubadili namba umefagia huku upepo unavuma.

Barakoa ndizo zilizopamba vichwa vya habari. Bkav, kampuni ya usalama wa mitandao ya Vietnam, ilionyesha Novemba 2017 barakoa ya takriban dola 150 ikifungua iPhone X: umbo lililochapwa kwa printa ya 3D, pua ya silikoni, macho yaliyochapwa bapa. Ni kweli, na ni kazi nzuri ya utafiti. Lakini ilihitaji kwanza kupima uso wa mlengwa kwa skana, kisha kuipata simu yake, kisha kufaulu kabla ya makosa matano kuifunga. Kibaka wa stendi hana printa. Desemba 2018 jarida la Forbes lilichapa kwa printa ya 3D mfano wa kichwa kizima cha mwandishi wake kwa zaidi ya pauni 300, kikafungua simu kadhaa za Android za wakati ule, zikiwemo Galaxy S9 na OnePlus 6. iPhone X ilikikataa.

Hapo ndipo bei inapoanza kujieleza. Simu nyingi za bei ya kati za Tecno, Infinix na Samsung zina "kufungua kwa uso", lakini zinatumia kamera ya selfi peke yake. Galaxy S8 ya 2017, ambayo haikuwa rahisi hata kidogo, ilidanganywa kwa picha. Hata Google, iliyoweka vifaa vya infraredi kwenye Pixel 4 mwaka 2019, iliitoa ikifunguka mtumiaji akiwa amefumba macho, na sasisho la kurekebisha likafika Aprili 2020. Kwa Android, kipimo rahisi cha mtumiaji ni hiki: programu ya benki ikikubali kidole lakini ikaukataa uso, ujue uso huo umewekwa kwa wepesi, si kwa ulinzi. Pixel 8 ya 2023 ni mfano wa simu iliyofika daraja la juu la Android kwa kamera ya kawaida, lakini isikufanye udhani zote ziko hivyo.

Ngozi nyeusi na giza

Swali hili liliulizwa kwa haki. Februari 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti wa mifumo ya Microsoft, IBM na Face++ iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kutoka kwenye picha. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi makosa yalifika asilimia 34.7, kwa wanaume weupe hayakuzidi 0.8. Wengi wakauliza kama simu ghali nayo ni hivyo hivyo.

Kazi ni tofauti na vifaa ni tofauti. Mifumo ile ilisoma picha za kawaida. Face ID inakuja na mwanga wake na inapima kina. Melanini hufyonza sana mwanga unaoonekana, lakini infraredi huifyonza kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo weusi wa ngozi hauipotezi simu kama unavyoipoteza kamera ya selfi. Tofauti utaiona umeme ukikatika. Simu ya kamera ya kawaida itawasha kioo cheupe pee kujaribu kukumulika usoni, na bado ibabaike. iPhone X gizani inafunguka kama mchana.

Nikabu, barakoa na helmeti

Hapa lawama zinastahili. Kwenye iPhone X simu inataka ione macho, pua na mdomo. Kwa mwanamke wa Zanzibar, Mombasa au Muscat anayevaa nikabu, teknolojia ya dola 999 ilimrudisha kwenye kuandika namba kila mara akiwa nje ya nyumba, huku simu ya zamani yenye kidole ingemfungulia. Hijabu isiyofunika uso haina tatizo. Wachambuzi wengi wa 2017 hawakuligusa hili. Walilikumbuka 2020, dunia nzima ilipovaa barakoa.

Marekebisho yalikuja kwa mafungu. iOS 13.5 ya Mei 2020 ilifanya ukurasa wa namba utokee haraka uso ukiwa umefunikwa. iOS 14.5 ya 2021 iliruhusu Apple Watch mkononi ithibitishe. Machi 2022, iOS 15.4 ikaanza kusoma eneo la macho peke yake, lakini kuanzia iPhone 12. X, XS na 11 hazikupata. Ukinunua kwa sababu hiyo, usishuke chini ya 12, na wakati wa kuisajili chagua Use Face ID with a Mask, uongeze miwani yako ya kusomea kwa Add Glasses. Miwani ya jua haikubaliki ukiwa umefunika mdomo. Paji la uso na nyusi nazo zikifunikwa, namba ya siri ndiyo itakayokuvusha.

Helmeti iliyofunika uso mzima ni hadithi fupi: vua, au andika namba.

Aliyelala na anayelazimishwa

Novemba 2017 iliripotiwa kwamba ndege ya Qatar Airways iliyokuwa ikitoka Doha kwenda Bali ililazimika kutua Chennai, baada ya abiria kutumia kidole cha mumewe aliyelala kuifungua simu yake na kukuta mambo. Watani wakauliza kama kwa uso ingekuwa rahisi zaidi. Ingekuwa ngumu: Face ID inataka macho yawe wazi na yaelekee simu. Huo ulinzi unaitwa Require Attention for Face ID, na kwa kawaida umewashwa. Angalizo moja: anayeanzisha simu akiwa ametumia VoiceOver, ile sauti inayomsomea mtu mwenye upungufu wa kuona yaliyo kwenye kioo, hukuta umezimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Tencent walionyesha kwamba miwani iliyobandikwa utepe mweusi wenye kipande cheupe katikati inaweza kuihadaa simu iamini aliyelala yuko macho. Lazima umvalishe miwani bila kumwamsha, kazi ambayo si ndogo.

Kulazimishwa ukiwa macho ndiko hatari. Agosti 2018 nchini Marekani FBI, wakiwa na hati ya upekuzi, walimtaka mshukiwa wa Columbus, Ohio, aweke uso wake mbele ya iPhone X yake. Wezi hawahitaji hati. Kwa hiyo kila mwenye simu hii ajue njia ya kuiua Face ID akiwa bado na simu mfukoni: bana kitufe cha ubavuni pamoja na kimojawapo cha sauti kwa sekunde 2 hadi isikike mtetemo. Kuanzia hapo uso haufanyi kazi mpaka namba iandikwe. Zoezi hilo lifanye mara kumi nyumbani ili mkono uzoee, lakini usiendelee kubana, maana kuna mpangilio wa kupiga simu ya dharura unaofuata.

Simu pia inadai namba yenyewe, na watu huidhania imeharibika: ikiwashwa upya, ikikaa saa 48 bila kufunguliwa, namba isipotumika kwa siku sita na nusu na uso usipotumika kwa saa 4, na baada ya nyuso tano kukataliwa. Anayeisahau namba kwa kuutegemea uso ndiye anayefika kwa fundi akilia.

Na kitu kimoja cha kwetu: Face ID inalinda simu, hailindi laini. Mwizi anaichomoa laini yako, anaitia kwenye kitochi, na majaribio ya PIN ya M-Pesa yanaanza kwa USSD. Weka SIM PIN kwenye mipangilio ya laini, ila kwanza ujue namba iliyopo, kwa sababu makosa matatu yanaitaka PUK. Ulinzi wa simu iliyoibwa, ule unaomzuia mwenye namba ya siri asibadilishe mambo mazito bila uso wako, ulikuja na iOS 17.3 Januari 2024. iPhone X iliishia iOS 16.

Kioo kilichobadilishwa ovyo

Sasa lile ambalo wanunuzi wa 2017 hawakuliona, kwa kuwa simu zilikuwa mpya. Vipande vya Face ID vimeoanishwa na bodi ya simu hiyo hiyo kiwandani. Huwezi kutoa kamera ya infraredi au projekta kwenye iPhone X nyingine ukaiweka kwako. Itaingia, itachaji, itapiga picha, lakini uso hautafanya kazi.

Mtego mkubwa ni spika ya sikioni. Ile taa ya infraredi haiko pamoja na kamera. Imeshonwa kwenye fleksi (utepe mwembamba wa nyaya) moja na spika ya sikioni, na fleksi hiyo imefungwa nyuma ya kioo kwa skrubu tatu ndogo na gundi. Kioo kikivunjika, fundi analeta kioo kipya, mara nyingine kikiwa na spika yake. Asiyejua anakifunga kama kilivyo, na Face ID imekufa papo hapo. Anayejua lakini ana haraka anaibandua ya zamani bila joto, fleksi inachanika kwenye kona. Njia sahihi ni kupasha eneo hilo hewa ya moto kiasi hadi gundi ilegee, kuibandua kwa kipande cha plastiki kwa subira, na kuihamishia ile ile ya zamani kwenye kioo kipya. Kabla hajaanza mwambie waziwazi: "Spika ya juu irudi ile ile." Na muombe umwone akijaribu Face ID kabla hujampa simu, kisha uijaribu mwenyewe kabla hujamlipa. Bila hivyo utaambiwa ilikuja imekufa.

Shida hiyo haikuishia kwenye X. iPhone 13 ilipotoka, kubadilisha kioo nje ya mafundi wa Apple kulizima Face ID, na kelele zilipozidi Apple ikalegeza kwa iOS 15.2.

Maji ni adui wa pili. Yanapenya kwenye wavu wa spika ya sikioni na kufika kwenye projekta ya nukta, ambayo ina kinga inayokata umeme wake ikihisi hitilafu, kwa sababu ndani mna leza na haitakiwi itoke hovyo kuelekea machoni. Dalili yake ni simu kukuambia bila kukoma uisogeze juu kidogo, chini kidogo, hata ukiiweka sawa kabisa. Wapo mafundi wenye darubini wanaoweza kunakili data za projekta ya zamani na kufufua kazi yake kwenye fleksi mpya. Ni kazi ya bodi, si ya meza ya protekta, na inalipwa hivyo. Fundi akikuambia "ni software, nitafanya restore" kwa dalili hii, data zako zitafutika na nukta hazitarudi.

Ukiwa dukani

Kama kufuli, Face ID ya iPhone X inashinda karibu kila kufuli la uso la wakati wake, na bado ni bora kuliko la simu nyingi mpya za bei ya kati. Kama kifaa cha kutunza miaka minane, ni dhaifu, na udhaifu wake hauonekani kwa nje. Wauzaji wa mitumba wanalijua hilo. Ndiyo maana utakuta mbili zinazofanana, moja nafuu, na neno "Face ID off" limeandikwa kidogo pembeni au halikuandikwa kabisa. Kwa asiyevaa nikabu na anayetaka ulinzi wa programu za benki, tofauti hiyo ya bei ilipwe. Anayetaka bei nafuu na haoni tabu kuandika namba, ile yenye Face ID iliyokufa si simu mbaya, mradi akatwe bei ipasavyo.

Kukagua kunachukua dakika tano. Izime simu na kuiwasha, andika namba, ingia Face ID & Passcode. Ukiona ujumbe kwamba Face ID haipatikani, umeshapata jibu. Kama iko, bonyeza Reset Face ID na usajili uso wako mwenyewe. Usiridhike na kuona uso wa muuzaji ukiifungua. Zungusha kichwa mara mbili kama inavyoelekeza; ikikwama kwenye mzunguko wa kwanza, projekta ni ya kushuku. Fungua kamera ya mbele, chagua Portrait, uone kama mandhari ya nyuma yanafifia, kwa sababu projekta ikifa mara nyingi hayafifii. Piga simu na usikilize spika ya sikioni: sauti ya kukwaruza ni ishara kwamba sehemu hiyo imeshafunguliwa. Kisha ingia chini ya kaunta au uzibe mwanga kwa koti, uifungue gizani. Mwisho fumba macho, uielekeze usoni. Ikifunguka, rudi uwashe Require Attention, ujaribu tena. Ikigoma ukiwa umefumba na kukubali ukiwa umefumbua, anza kuulizia betri.